Uvimbe wa Shingo wa Kuzaliwa Nao kwa Mtoto Mchanga: Utambuzi na Tiba, Kuanzia Zahanati hadi Hospitali ya Rufaa

Shingo ya mtoto mchanga ni fupi, ina mikunjo mingi, na kidevu huifunika karibu yote. Katika vijiji vya miteremko ya Kilimanjaro, kuanzia Machame na Kibosho hadi Marangu na Rombo, mama aliyejifungua hutunzwa ndani kwa wiki kadhaa, akilishwa mtori na kupumzishwa kazi, na mtoto hufunikwa vema dhidi ya baridi ya mlimani. Desturi hiyo ina faida nyingi kwa mama. Ina athari moja ambayo mhudumu wa afya hana budi kuikumbuka: uvimbe mdogo wa shingoni usipoonekana siku ya kuzaliwa, huenda mtaalamu asiuone hadi siku ya chanjo ya wiki ya 6. Ndiyo maana tunashauri kwamba kila mtoto anayeletwa kwa chanjo ya wiki ya 6, ya 10 na ya 14 ainuliwe kidevu na kutazamwa shingo. Kazi hiyo haichukui hata nusu dakika.

Makala haya yanahusu uvimbe ambao asili yake ni kabla ya kuzaliwa, ingawa wakati mwingine hujitokeza baadaye. Aina zake ni kadhaa na nyingi ni nadra, kiasi kwamba mhudumu wa zahanati anaweza kufanya kazi miaka mingi asikutane na baadhi yake. Hatutarajii azitambue zote kwa majina. Tunachomwomba ni kuyatenganisha maswali mawili ambayo mara nyingi huchanganywa. La kwanza ni hili: je, mtoto anapumua na kunyonya bila shida? La pili: uvimbe huu ni wa nini? Swali la kwanza hujibiwa papo hapo, mahali popote mtoto alipo, bila mashine yoyote. La pili huhitaji vipimo na linaweza kusubiri siku au wiki. Watoto wengi wanaodhurika hudhurika kwa sababu swali la pili lilishughulikiwa kwanza.

Njia ya hewa kabla ya jina la ugonjwa

Sehemu nyembamba ya njia ya hewa ya mtoto mchanga, chini kidogo ya zoloto, ina kipenyo cha takriban milimita 4. Ikivimba kwa milimita 1 tu kuzunguka pande zote, kipenyo hubaki milimita 2, na nafasi ya kupitisha hewa huwa robo ya ile ya awali. Kwa mtu mzima milimita 1 ni jambo dogo. Kwa mtoto mchanga inaweza kuwa tofauti kati ya usingizi wa amani na kukosa pumzi. Hesabu hii inaeleza pia kwa nini mtoto mwenye uvimbe aliyekuwa mtulivu asubuhi anaweza kuwa hatarini jioni, uvimbe ukivujiwa damu kwa ndani au ukipata maambukizi.

Dalili za hatari ni hizi, na mzazi anaweza kuzijua sawasawa na muuguzi: mlio wa kukoroma au wa mluzi wakati wa kuvuta hewa ndani, kubonyea kwa kifua au kwa shimo lililo juu ya mfupa wa kidari, kunyonya kwa vipindi vifupi huku mtoto akiliacha titi ili apumue, kutokwa jasho kichwani anaponyonya, sauti ya kilio iliyobadilika, maziwa kutokea puani, na rangi ya buluu, ambayo kwa mtoto mwenye ngozi nyeusi hutafutwa kwenye ulimi na ndani ya midomo. Uvimbe unaokua ghafla ndani ya saa chache ni dharura hata kama dalili nyingine hazijaonekana.

Mtoto mwenye dalili hizi asilazwe chali. Alazwe ubavu au kifudifudi chini ya uangalizi, kwa mkao ule ambao kukoroma kunapungua. Yeye mwenyewe ataonyesha upande unaomfaa. Apewe oksijeni ikiwapo, awekwe kwenye joto, na asipewe dawa ya kumlaza usingizi hata kidogo, kwa kuwa misuli inayoiweka wazi njia ya hewa hulegea mgonjwa anapolala. Kisha hospitali inayompokea ipigiwe simu kabla gari halijaondoka. Mfumo wetu wa rufaa hupanda ngazi kwa ngazi, kutoka zahanati hadi kituo cha afya, hospitali ya wilaya, hospitali ya mkoa ya Mawenzi, na hatimaye hospitali ya kanda ya KCMC. Mfumo huo ni mzuri kwa wagonjwa wengi. Kwa mtoto anayekosa hewa, kila ngazi isiyo na mtaalamu wa usingizi wala daktari wa upasuaji ni muda unaopotea, na simu moja huwezesha kuziruka. Usafiri wa dharura wa wajawazito na watoto wachanga kupitia mfumo wa m-mama huombwa bila malipo kwa nambari 115. Njia ya kutoka Tarakea hadi Moshi mjini ni ndefu na ina kona nyingi. Mtoto aambatane na muuguzi mwenye mfuko na barakoa ya kupumulishia, asipakiwe na mama peke yake.

Asili ya uvimbe

Akina mama wengi huulizwa na jamaa walikula nini au walimtazama nani wakati wa ujauzito. Jibu la sayansi huwaondolea mzigo huo. Shingo huumbwa mapema sana, kati ya wiki ya 4 na ya 8 ya mimba, wakati ambapo wanawake wengi ndio kwanza wanajitambua kuwa wajawazito. Katika kipindi hicho kiinitete huwa na matao na mifereji kila upande wa shingo, ambayo mwanasayansi wa Kijerumani Martin Rathke aliielezea mwaka 1825. Mifereji hiyo hupaswa kufungika. Tezi ya thairoidi, ambayo huanzia kwenye shina la ulimi, hushuka hadi mahali pake mbele ya koo, na njia iliyopitia hupaswa kutoweka. Mishipa ya limfu, inayorudisha majimaji ya mwili kwenye damu, hupaswa kuungana na mishipa mikubwa ya vena. Kila mahali ambapo moja ya kazi hizi haikukamilika panaweza kubaki kifuko, mfereji au tundu.

Ukiikumbuka historia hiyo, nafasi ya uvimbe hukupa nusu ya jibu. Uvimbe wa katikati ya shingo, karibu na mfupa ulio juu ya zoloto, unaopanda mtoto anapomeza, huelekea kuwa kifuko cha njia ya thairoidi. Tundu dogo linalotoa ute kwenye ukingo wa mbele wa msuli mkubwa wa shingo, hasa theluthi ya chini, hutokana na mfereji wa kando ambao haukufungika. Uvimbe laini wa upande wa nyuma ya msuli huo, mara nyingi kushoto, unaopitisha mwanga, ni haigroma, yaani mkusanyiko wa vifuko vya limfu. Hiyo ndiyo aina tutakayoizungumzia zaidi.

Namna ya kuchunguza

Mtoto achunguzwe akiwa ametulia mapajani mwa mama, kwa kuwa kilio huongeza uhitaji wa hewa na hubadilisha ukubwa wa uvimbe. Tazama mbele, pande zote mbili na nyuma ya shingo. Tazama pia chini ya ulimi na ndani ya mdomo, maana haigroma inayoonekana ndogo nje inaweza kuwa imeinua sakafu yote ya mdomo. Gusa kwa upole: ni laini au ni mgumu, unabonyea, una joto, umeshikamana na ngozi?

Kisha zima taa au funga pazia, na weka tochi ya simu upande mmoja wa uvimbe. Vifuko vya limfu hung'aa kama taa ya karatasi, kwa kuwa majimaji yake ni angavu. Uvimbe wa nyama, wa damu au wa usaha haung'ai. Kipimo hiki cha bure hakimalizi kila kitu, kwani haigroma iliyovujiwa damu hupoteza mng'ao wake, lakini kimewaepusha watoto wengi na kisu kisichohitajika.

Hapo tunafika kwenye jambo linalotupa wasiwasi kuliko yote. Uvimbe wa shingo wa mtoto mchanga usitobolewe kwa wembe, wala kwa sindano, wala kwa kisu cha upasuaji, kabla haujatambuliwa. Nyumbani hutobolewa kwa kudhaniwa kuwa ni jipu au damu chafu. Katika vituo vya tiba hutobolewa kwa kudhaniwa vivyo hivyo, na tofauti ni usafi wa kisu tu. Haigroma iliyopasuliwa huvuja limfu kwa siku nyingi, na pamoja nayo mtoto hupoteza protini na kinga. Uvimbe wa mishipa ya damu hutoka damu isiyozuilika kwa urahisi. Kifuko cha njia ya thairoidi kilichopasuliwa kama jipu huacha kovu linaloufanya upasuaji halisi kuwa mgumu na wenye nafasi kubwa ya kushindwa. Vivyo hivyo, mtoto anayekoroma au asiyenyonya vizuri asipelekwe kukatwa kimio. Kukoroma kwake kunatoka chini zaidi, na damu itakayovuja kooni itaziba nafasi ndogo iliyobaki.

Jipu la kweli lipo, na lina namna yake. Mtoto mwenye jipu upande wa kushoto wa shingo ya chini, likapona kwa dawa na kurudi mahali palepale mara ya pili au ya tatu, achunguzwe mfereji uliobaki kutoka kwenye koromeo. Kuendelea kulipasua na kumrudisha nyumbani hakutamponya.

Vipimo

Altrasaundi ndicho kipimo cha kwanza. Haina mionzi, haihitaji usingizi, na huonyesha kama uvimbe ni wa majimaji au wa nyama, kama una mtiririko wa damu, na, jambo linalosahaulika, kama tezi ya thairoidi ipo mahali pake. Baadhi ya watoto huwa na uvimbe wa katikati ya shingo ambao ndiyo tezi yao pekee. Ukiondolewa bila kuangalia, mtoto atategemea vidonge vya homoni maisha yake yote.

CT na MRI huhitajika pale uvimbe unaposhuka kifuani, unapozunguka mishipa mikubwa au unapoelekea kwenye ulimi na koo. Hapa tunashauri subira. Mtoto wa chini ya miezi 3 anaweza mara nyingi kupigwa MRI bila dawa ya usingizi, akinyonyeshwa ashibe na kufungwa vizuri kwenye shuka kabla ya kuwekwa kwenye mashine. Picha nzuri haifidii mtoto aliyeacha kupumua ndani ya chumba cha picha.

Uvimbe mkubwa unaweza kuonekana hata kabla ya kuzaliwa. Shirika la Afya Duniani lilipendekeza mwaka 2016 kwamba kila mjamzito apate altrasaundi moja kabla ya wiki ya 24. Maji ya uzazi yanayozidi kiasi pia ni ishara, kwa sababu kijusi kilichobanwa koo hakimezi maji hayo kama kawaida. Mama wa namna hiyo asijifungulie zahanati. Ahamishiwe mapema mahali penye wataalamu wa uzazi, usingizi, watoto na upasuaji wa masikio, pua na koo, ili wawe wote chumbani mtoto anapotoka. Katika nchi zenye vifaa vyote, mrija wa hewa huingizwa wakati mtoto ametolewa kichwa na mabega kwa upasuaji, akiwa bado anapata oksijeni kupitia kondo la nyuma.

Tiba ya haigroma

Haigroma si saratani, na haigeuki kuwa saratani. Sentensi hiyo ielezwe kwa wazazi siku ya kwanza, kisha irudiwe, maana wengi hufika wakiwa wameshaambiwa kinyume chake. Zaidi ya nusu huonekana siku ya kuzaliwa, na nyingi zilizobaki kabla ya umri wa miaka 2.

Kwa muda mrefu tiba ilikuwa moja tu: kuukata. Upasuaji bado una nafasi yake, hasa kwa uvimbe wa upande mmoja ulio chini ya mfupa wa juu ya zoloto, ambao unaweza kuondolewa wote. Lakini vifuko hivi havina ganda linaloeleweka. Hupenya kati ya neva na mishipa kama mizizi ya mgomba kati ya mawe. Daktari anayeazimia kuondoa kila kifuko anaweza kuikata neva ya mdomo wa chini, ya ulimi au ya bega, na mtoto akapona uvimbe akiwa na uso uliopinda. Kwa maoni yetu, hakuna uvimbe usio saratani unaostahili gharama hiyo. Kipande kilichoshikamana na neva kiachwe, na mzazi aelezwe kwamba kinaweza kukua tena.

Njia ya pili ni kuchoma dawa ndani ya vifuko ili kuta zake zishikamane. Bleomisini, dawa iliyogunduliwa nchini Japani katika miaka ya 1960 na inayotumika pia dhidi ya saratani, ndiyo inayopatikana kwa urahisi zaidi katika mazingira yetu. Majimaji huvutwa kwanza kwa sindano, kisha dawa huingizwa kwa kuongozwa na altrasaundi, na tendo hilo hurudiwa baada ya wiki kadhaa. Vifuko vikubwa huitikia vizuri. Vifuko vidogo vidogo vilivyoenea kwenye ulimi huitikia kwa shida. Dozi hupimwa kwa uzito wa mtoto na jumla yake huandikwa kwenye faili kila mara, kwa kuwa bleomisini ikizidi inaweza kuharibu mapafu.

Wazazi wajue pia kwamba siku za kwanza baada ya sindano uvimbe huongezeka kabla ya kupungua. Kwa mtoto ambaye uvimbe wake uko karibu na njia ya hewa, ongezeko hilo ndilo hatari, hivyo sindano isitolewe mahali pasipoweza kuingiza mrija wa hewa au kutoboa koo. Kwa haigroma kubwa sana zinazoshindikana kwa njia zote mbili, dawa ya kunywa iitwayo sirolimasi hutumika, lakini ni ghali na hupunguza kinga, kwa hiyo huhitaji vipimo vya damu vya mara kwa mara.

Ikiwa uvimbe ni mdogo na mtoto anapumua na kunyonya vizuri, kusubiri huku akipimwa ni tiba halali. Si uzembe, na si dalili kwamba hospitali imekata tamaa.

Aina nyingine, kwa ufupi

Uvimbe mgumu ndani ya msuli wa shingo, wa ukubwa wa tunda la kahawa au zaidi kidogo, unaojitokeza wiki ya 2 hadi ya 4 huku kichwa kikiinamia upande wake, ni kovu la msuli. Hauhitaji kukatwa. Mama hufundishwa mazoezi ya kunyoosha shingo taratibu mara kadhaa kwa siku, na kumlaza mtoto kwa namna itakayomfanya ageuke upande anaoukwepa. Wengi hupona ndani ya mwaka wa kwanza. Nyonga za mtoto huyo zichunguzwe pia, kwa kuwa hitilafu hizi mbili huenda pamoja.

Hemanjioma, uvimbe wa mishipa ya damu, kwa kawaida hauonekani siku ya kuzaliwa. Hukua kasi katika miezi ya kwanza kisha husinyaa kwa miaka. Mwaka 2008 madaktari wa Bordeaux, Ufaransa, walieleza jinsi propranololi, dawa ya moyo, ilivyousinyaza. Tangu hapo upasuaji umepungua sana. Dawa hii huweza kushusha sukari ya damu. Mtoto anayetapika au asiyenyonya asipewe dozi hiyo. Hemanjioma iliyoenea eneo la ndevu humtaka daktari atazame zoloto, kwa sababu mara nyingi kuna nyingine ndani.

Kifuko cha njia ya thairoidi huondolewa pamoja na kipande cha kati cha mfupa wa juu ya zoloto, kama alivyofundisha Sistrunk mwaka 1920. Kikitolewa peke yake hurudi mara nyingi.

Rovu la mtoto mchanga ni jambo la tezi yenyewe. Mama aulizwe kama alitumia dawa za thairoidi, na mtoto apimwe homoni mara moja, kwa kuwa upungufu usiotibiwa mapema hudumaza akili. Katika nyanda za juu, ambako mvua huosha madini joto kwenye udongo, chumvi yenye madini hayo ni muhimu kwa mjamzito.

Teratoma ya shingo ni nadra kuliko zote hizi, na ndiyo inayotaka haraka. Huonekana tangu kuzaliwa, ni kubwa, ina sehemu ngumu na za majimaji, na mara nyingine vipande vya chokaa huonekana kwenye eksirei. Kwa watoto wachanga nyingi si saratani, lakini hubana njia ya hewa, na zikiachwa zinaweza kugeuka. Hizi hukatwa mapema, mara tu njia ya hewa ikishalindwa. Baada ya upasuaji, kalsiamu na homoni za thairoidi hupimwa, kwa kuwa tezi zilizo jirani zinaweza kuondoka pamoja na uvimbe. Uvimbe wote hupelekwa maabara ya patholojia. Kipimo cha damu cha alfafetoprotini hurudiwa kwa miaka kadhaa, na anayekisoma akumbuke kwamba kiwango chake huwa juu kwa kila mtoto mchanga mwenye afya na hushuka taratibu katika miezi ya kwanza. Kinachotafutwa ni kiwango kilichoshuka kisha kikaanza kupanda tena. Tarehe za vipimo hivyo ziandikwe kwenye kadi ya kliniki ya mtoto, mahali ambapo muuguzi wa zahanati ya kijijini ataziona.